Courriel: Asili na Safari ya Neno la Kifaransa la Baruapepe

Courriel ni nomino ya Kifaransa yenye maana ya ujumbe unaoandikwa kwenye kompyuta au simu na kupelekwa kwa mpokeaji kupitia mtandao. Kwa Kiswahili, baruapepe. Hutamkwa takribani "kuryel". Limeundwa kutokana na maneno mawili: courrier, yaani barua au posta, na électronique, yaani ya kielektroniki. Maneno hayo yalikatwa, mwanzo wa moja ukashikizwa kwenye mwanzo wa jingine. Wanaisimu wa Kiswahili huiita njia hiyo uhulutishaji, na mfano wao wa kawaida ni chajio, kutokana na chakula cha jioni.

Umri wa neno hili haujafika nusu karne, lakini limepita njia ndefu. Halikuzaliwa Paris bali Quebec, jimbo la Kanada ambalo wakazi wake wengi husema Kifaransa. Serikali ya Ufaransa ilianza kwa kuweka kifupisho chake yenyewe, kikashindwa kusimama, ndipo mwaka 2003 ikalipokea neno la Quebec. Kwa karne nyingi hukumu juu ya Kifaransa sahihi zilitoka Paris kwenda pembezoni. Safari hii pembezoni ndiko kulikotoa neno, na Paris ikaliidhinisha.

Mkimbiaji, kaharabu na mkoba: kabla ya 1900

Courrier liliingia katika Kifaransa katika karne ya 14 kutoka Kiitaliano, ambako corriere ni mpeleka habari anayekwenda mbio. Mzizi wake ni kitenzi cha Kilatini currere, kukimbia. Mwanzoni, kwa hiyo, courrier alikuwa mtu: tarishi aliyebeba barua za wafalme na wafanyabiashara kwa miguu au juu ya farasi. Mfalme Louis XI, aliyetawala kuanzia 1461 hadi 1483, alipanga vituo vya kubadilishia farasi kwenye barabara kuu ili matarishi wake wasicheleweshwe na wanyama waliochoka. Posta ilipopanuka na kuwahudumia raia, jina lilihama kutoka kwa mbebaji likaenda kwa mzigo. Courrier likawa barua zenyewe, zile zinazofika mlangoni, na maana hiyo ya pili ndiyo inayotawala leo.

Électronique lina asili ya mbali zaidi. Wagiriki wa kale waliita kaharabu ēlektron. Kaharabu ni utomvu wa miti uliogeuka mgumu kama jiwe kwa kukaa ardhini miaka mingi mno, na ukisuguliwa kwa kitambaa huvuta nyuzi na makapi. Mwaka 1600 William Gilbert, tabibu wa Uingereza, alichapisha kwa Kilatini kitabu juu ya sumaku, na humo akatumia kivumishi electricus kwa vitu vinavyovuta vingine kama kaharabu. Mwaka 1891 mwanafizikia wa Ireland, George Johnstone Stoney, alipendekeza jina elektroni kwa kipimo cha msingi cha umeme. Karne ya 20 ilipoanza, Kifaransa kikapata kivumishi électronique. Kiarabu nacho kilipita njia hiyo ya kaharabu: neno lake la umeme, kahraba, ndilo lililokipa Kiswahili kaharabu.

Mpinzani mkubwa wa courriel, neno mail la Kiingereza, lina nasaba ya Kifaransa. Katika Zama za Kati Waingereza waliazima male, neno la Kifaransa cha kale lililomaanisha mkoba wa safari. Mkoba ukawa mkoba wa barua, kisha jina likashuka kwenye barua zilizomo. Nchini Ufaransa neno hilohilo lilibaki kama malle, sanduku la safari, na gari la farasi lililobeba barua liliitwa malle-poste. Mail liliporejea Ufaransa katika karne ya 20 lilikuwa kama mwana aliyekaa ughaibuni hadi jamaa zake wakamsahau. Isitoshe, jina lake lilikuwa na mwenyewe. Kifaransa kilikuwa tayari na mail jingine, la nyundo ya mbao iliyotumika katika mchezo wa kale wa kupiga mpira na, baadaye, la njia yenye miti pembeni ambako mchezo huo ulichezwa. Nalo e-mail, likiandikwa, lilikaribia mno kufanana na émail, enameli inayopakwa kwenye sufuria na vito.

Kuzipa mashine majina: 1955–1981

Mjadala wa jina la baruapepe haukuanza na baruapepe. Ulianza na kompyuta. Tarehe 16 Aprili 1955 Jacques Perret, profesa wa Kilatini katika Sorbonne, alimwandikia barua mkuu wa kampuni ya IBM nchini Ufaransa. Kampuni hiyo ilikuwa inataka jina la Kifaransa kwa ajili ya mashine yake mpya, na iliona kwamba calculateur, mpiga hesabu, lingeifanya ionekane ndogo kuliko ilivyo. Perret alipendekeza ordinateur, neno lililokuwamo katika kamusi ya Littré likiwa sifa ya Mungu anayeupanga ulimwengu. Yeye mwenyewe aliegemea umbo la kike, ordinatrice, lakini kampuni ikachagua la kiume. IBM ilililinda neno hilo kwanza kama mali yake ya biashara. Haikuchukua muda likawa la wote, na hadi leo Wafaransa hawana jina jingine la kawaida la kompyuta.

Mwaka 1962 Philippe Dreyfus, mmoja wa waanzilishi wa fani ya kompyuta nchini Ufaransa, aliunganisha information na automatique akapata informatique, taaluma ya kuchakata taarifa kwa mashine. Akademia ya Ufaransa ililikubali neno hilo mwaka 1967. Miaka miwili baadaye, Philippe Renard alibuni logiciel kwa ajili ya programu za kompyuta. Kifaransa kilikuwa tayari kikiita vyuma na vifaa vya kompyuta matériel. Renard alichukua logique, mantiki, akalivika mwisho wa matériel, na pande mbili za kompyuta zikapata majina yanayokwenda kwa vina. Agizo la serikali la tarehe 22 Desemba 1981 liliyafanya maneno kadhaa ya fani hiyo, logiciel likiwamo, kuwa rasmi.

Maneno haya yalizaliwa wakati wa wasiwasi. Mwaka 1964 mwanazuoni René Étiemble alichapisha Parlez-vous franglais?, kitabu kilichoshambulia mmiminiko wa Kiingereza katika Kifaransa cha baada ya Vita Kuu ya Pili. Neno franglais, Kifaransa kilichochanganywa na Kiingereza, likashika midomoni mwa watu. Serikali ilijibu kwa vyombo: mwaka 1966 iliunda kamati kuu ya kuitetea lugha, na amri ya Januari 1972 ikaanzisha tume za istilahi katika wizara. Kila fani, kuanzia usafiri wa anga hadi mafuta, ilitakiwa kutafuta maneno yake.

Kipindi hicho kiliacha urithi wa aina mbili. Wa kwanza ulikuwa mazoea ya kuhulutisha: Wafaransa walizoea kwamba neno la kisasa hutengenezwa kwa kukata na kuunga. Wa pili ulikuwa sauti. Mwisho -iel, uliotoka kwenye matériel ukapita kwenye logiciel, ukazaa progiciel kwa programu inayouzwa ikiwa tayari na didacticiel kwa programu ya kufundishia. Masikio yalianza kuusikia mwisho huo kama harufu ya kompyuta.

Lugha ya kazini: Quebec, 1961–1977

Ng'ambo ya Atlantiki tatizo lilikuwa zito zaidi. Ufaransa ilikabidhi koloni lake la Kanada kwa Uingereza kwa Mkataba wa Paris wa mwaka 1763, na wasemaji wa Kifaransa wa huko wakabaki kisiwa katika bahari ya Kiingereza. Kufikia katikati ya karne ya 20 walikuwa wengi katika jimbo la Quebec, lakini biashara kubwa za Montreal ziliendeshwa kwa Kiingereza. Mfanyakazi alisema Kifaransa nyumbani na kanisani, ila maelekezo ya mashine, fomu za kazi na majina ya vipuri alivikuta kwa Kiingereza. Fundi wa magari wa Quebec aliazima majina ya klachi na bampa kutoka kulekule alikoazima fundi wa Mombasa au Dar es Salaam.

Mageuzi yaliyojulikana kama Mapinduzi ya Kimya, yaliyoanza mwaka 1960 chini ya waziri mkuu wa jimbo Jean Lesage, yaliigusa lugha mapema. Mwaka 1961 jimbo lilianzisha Ofisi ya Lugha ya Kifaransa. Tarehe 26 Agosti 1977, chini ya serikali ya René Lévesque, bunge la Quebec lilipitisha Mkataba wa Lugha ya Kifaransa, maarufu kwa jina la Sheria ya 101. Sheria hiyo ilikifanya Kifaransa kuwa lugha ya serikali, mahakama, shule, biashara na kazi, na ikazitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi kuonyesha kwamba Kifaransa ndicho kinachotumika ndani yake.

Sharti hilo la kazini ndilo lililoibadili Ofisi. Kampuni iliyoambiwa itumie Kifaransa iliuliza mara moja: tuseme nini badala ya neno hili? Jibu halikuweza kusubiri kamati ikutane mwakani. Ofisi iliajiri wataalamu wa istilahi na kujenga hazina ya maneno ndani ya kompyuta, iliyokua hadi kuwa kamusi kubwa ya istilahi ambayo leo husomwa bure mtandaoni. Huko Paris, wakati huo, neno geni lilichukuliwa zaidi kama doa la kufutwa kwenye vazi la lugha. Kwa Quebec lilikuwa pengo kwenye fomu, na fomu ilikuwa inasubiri kujazwa.

Barua bila karatasi: 1971–1990

Mwaka 1971 mhandisi wa Marekani Ray Tomlinson, akiwa Cambridge, Massachusetts, alituma ujumbe kati ya kompyuta mbili zilizounganishwa na mtandao wa ARPANET, uliogharimiwa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Ili kutenganisha jina la mtu na jina la kompyuta yake alichagua alama ya @, iliyokuwa kwenye kibodi bila kazi kubwa. Kifaransa kiliiita alama hiyo arobase, au arrobe, kwa kuihusisha na arroba, kipimo cha uzito cha Kihispania cha takribani kilo 11 na nusu. Wahispania walikuwa wamelipata jina hilo kwa Waarabu: ar-rub', yaani robo, kwa kuwa kipimo hicho kilikuwa robo ya kipimo kikubwa. Robo ya Kiswahili na arobase ya Kifaransa zimetoka tumbo moja.

Nchini Ufaransa barua za aina hii zilichelewa kuhitaji jina kwa sababu nchi ilikuwa na mtandao wake. Ripoti ya Simon Nora na Alain Minc, iliyowasilishwa kwa rais mwaka 1978, ilieneza neno télématique, muungano wa mawasiliano ya simu na kompyuta. Baada yake ikaja Minitel, kifaa kidogo chenye skrini na kibodi ambacho idara ya simu ilikigawa majumbani kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wakati wa kilele chake vilikuwapo zaidi ya milioni 6. Wafaransa walikata tiketi za treni, wakatafuta namba za simu na kupiga soga na watu wasiowajua kwa Minitel, wakiita huduma ya ujumbe messagerie. Neno hilo liliwatosha. Kwa hiyo intaneti ilipofika kwa umma katika miaka ya 1990, Ufaransa ilijikuta na istilahi tajiri ya mtandao unaoondoka na istilahi maskini ya mtandao unaoingia.

Quebec haikuwa na kizuizi hicho. Vyuo vikuu na ofisi zake vilikuwa jirani wa Marekani, na ujumbe wa kompyuta uliingia humo mapema, ukiwa umevaa jina la Kiingereza.

Kuzaliwa kwa neno: mwanzoni mwa miaka ya 1990

Jina la kwanza la Kifaransa lilikuwa tafsiri ya wazi: courrier électronique. Halikuwa na kosa, ila lilikuwa refu, lenye silabi nyingi kwa kitu ambacho mtu hukitaja mara kumi kwa siku. Pia lilikuwa na utata wa kisarufi. Courrier kwa kawaida hutaja barua kwa jumla kama mzigo mmoja. Ni vigumu kusema umepokea courrier tatu. Mtumiaji alihitaji neno linalohesabika.

Courriel, lililoanza kuonekana Quebec mnamo mwaka 1990, lilitatua yote mawili. Kutoka courrier lilichukua courri-, kutoka électronique likachukua él-. Alama ya juu ya é ilidondoka, na matokeo yake yakaangukia palepale kwenye vina vya logiciel na matériel. Msikilizaji ambaye hajawahi kulisikia aliweza kulielewa: mwanzo wake unasema barua, mwisho wake unasema kompyuta. Lina silabi mbili tu, wingi wake huundwa kwa -s kama maneno mengine, na halina herufi wala sauti ngeni. Ofisi ililipendekeza, magazeti na vyuo vikalitumia, na katika muongo huo likatoka kwenye makaratasi likaingia katika mazungumzo. Wasemaji walianza kuliambatisha na maneno mengine bila kuambiwa, wakisema adresse courriel kwa anwani.

Sheria na kifupisho: Ufaransa, 1992–1997

Tarehe 25 Juni 1992 Ufaransa iliongeza katika katiba yake maneno yanayotamka kwamba lugha ya Jamhuri ni Kifaransa. Mwaka 1994 waziri wa utamaduni, Jacques Toubon, alisimamia sheria iliyokuja kuitwa kwa jina lake, ya tarehe 4 Agosti, iliyolazimisha Kifaransa katika matangazo, mikataba ya kazi na huduma za umma. Rasimu yake ilikwenda mbali zaidi: ilitaka hata watu binafsi wabanwe na istilahi rasmi. Baraza la Katiba, katika uamuzi wake wa tarehe 29 Julai 1994, lilikifuta kipengele hicho kwa msingi wa uhuru wa kusema. Dola ingeweza kuwaamuru watumishi wake maneno ya kutumia, si raia.

Uamuzi huo ndio uliochora mpaka wa kila kilichofuata. Amri ya tarehe 3 Julai 1996 iliunda upya mfumo wa istilahi. Kamati za wataalamu wizarani zingependekeza maneno, Tume Kuu ya Istilahi ingeyachuja, Akademia ya Ufaransa ingetoa ridhaa, na neno lililopita lingechapishwa katika Gazeti Rasmi la Jamhuri. Kuanzia siku ya kuchapishwa lingekuwa la lazima katika nyaraka za serikali, na la hiari kwa wengine wote.

Baruapepe ilikuwa miongoni mwa majaribio ya kwanza. Tarehe 2 Desemba 1997 Gazeti Rasmi lilichapisha messagerie électronique kwa huduma nzima, na kando yake kifupisho Mél. Mantiki yake ilikuwa ya karatasi ya barua: kama Tél. hutangulia namba ya simu, Mél. ingetangulia anwani ya mtandaoni. Tangazo lilionya kwamba Mél. lisitumiwe kama nomino.

Onyo hilo halikusikilizwa. Watu walihitaji kuutaja ujumbe wenyewe, nalo tangazo halikuwa limeupa jina fupi. Wakakifanya kifupisho kuwa nomino, wakaandika mél, ambalo kwa matamshi halitofautiani na mail la Kiingereza linavyosemwa na Mfaransa. Serikali ikawa imelivika neno lilelile kanzu ya Kifaransa. Tena mél halikuwa na mzizi unaoonekana: anayeliona haoni barua wala umeme ndani yake.

Gazeti Rasmi lageuka: 20 Juni 2003

Kufikia mwaka 2003 courriel lilikuwa limekaa Quebec zaidi ya miaka kumi na lilikuwa limeanza kuonekana katika magazeti ya Ufaransa. Tume Kuu ya Istilahi haikubuni jipya. Ilichukua lililokwisha kujaribiwa, ikapata ridhaa ya Akademia, na tarehe 20 Juni 2003 Gazeti Rasmi likalichapisha. Fasili yake iliutaja ujumbe kuwa hati ya kompyuta ambayo mtumiaji huiandika, huituma au huisoma kwa wakati wake kupitia mtandao, ikieleza kwamba huweza kuambatana na maandishi mengine, picha au sauti. Courrier électronique lilibaki kama kisawe. Kwa huduma nzima na kwa ujumbe mmoja mmoja, Kifaransa rasmi sasa kilikuwa na majina.

Mwezi Julai Wizara ya Utamaduni ilipotangaza uamuzi huo, vyombo vya habari vya nchi za Kiingereza viliuandika kama habari ya kuchekesha: Ufaransa imepiga marufuku baruapepe. Ukweli ulikuwa mdogo kuliko vichwa vya habari. Waliozuiwa kuandika e-mail walikuwa maofisa wa serikali katika nyaraka zao, kama uamuzi wa mwaka 1994 ulivyoruhusu. Mfanyabiashara wa Lyon au mwanafunzi wa Lille alibaki huru kuandika atakavyo.

Lililokuwa geni halikuwa marufuku bali mwelekeo. Akademia iliyoanzishwa na Kardinali Richelieu mwaka 1635 ili kuipa lugha kanuni zake ilikuwa imeridhia neno lililopikwa Quebec, mahali ambapo lafudhi yake ilikuwa ikifanyiwa mzaha Paris kwa vizazi.

Ukoo wa courriel

Neno hupimwa pia kwa uzao wake. Mwaka 1997 Ofisi ya Quebec ilipendekeza pourriel kwa barua taka, zile za matangazo na ulaghai zinazojaza kikasha. Limeundwa kutokana na poubelle, pipa la taka, na courriel, lakini msemaji husikia humo pia pourri, kitu kilichooza. Mwaka huohuo Ofisi ilitoa clavardage, muungano wa clavier, kibodi, na bavardage, soga: soga za kuandika. Kitenzi chake, clavarder, kilifuata. Oktoba 2004 ikaja baladodiffusion kwa vipindi vya sauti vya kupakua. Sehemu yake ya kwanza imetoka baladeur, jina ambalo Ufaransa yenyewe ilikuwa imekipa kicheza kaseti cha mfukoni chenye visikizi katika miaka ya 1980. Watu walilifupisha hadi balado, na ufupi huo ndio uliolipa maisha.

Si kila neno la ukoo huu lilivuka bahari. Ufaransa ililiacha clavardage ikachukua dialogue en ligne, maneno matatu yasiyo na kosa wala mvuto. Kwa alama ya # inayotangulia mada mtandaoni, Quebec ilitoa mot-clic mwaka 2011, lenye mlio wa kubofya ndani yake. Gazeti Rasmi la Ufaransa lilichapisha mot-dièse tarehe 23 Januari 2013, na wakosoaji walilalamika, kwani dièse ni alama ya kupandisha noti na mistari yake haikai kama ya #. Upande wa pili, divulgâcher, la Quebec, lililounganisha kufichua na kuharibu kwa ajili ya mtu anayesimulia mwisho wa filamu kabla wenzake hawajaitazama, lilipata nafasi katika toleo la 2020 la Petit Larousse, kamusi inayokaa katika nyumba nyingi za Ufaransa. Ufaransa nayo iliutumia uhulutishaji ilipochapisha infox mwaka 2018 kwa habari za uongo: information na intoxication, taarifa na sumu.

Tofauti kati ya waliofaulu na walioshindwa haiko katika muhuri wa serikali. Mél, mot-dièse na courriel yote yalipigwa muhuri uleule. Courriel lilikuwa na vitu ambavyo mawili ya kwanza yalikosa: viungo vinavyotambulika, vina vinavyolingana na maneno ya fani, na miaka ya kutumiwa na watu kabla ya kuandikwa kwenye gazeti la serikali.

Ofisini na mdomoni: baada ya 2003

Matumizi ya leo yamegawanyika kijiografia na kimazingira. Quebec, courriel ni neno la kawaida la mwalimu, karani wa benki na kijana anayeomba kazi; anayelitumia haonekani kutetea lugha wala kujipamba. Nchini Ufaransa liko kwenye fomu za kodi, barua za halmashauri, tovuti za wizara na magazeti yanayojali uandishi wao. Katika mazungumzo Mfaransa wa kawaida husema mail, mara nyingi akiwa ametoka tu kuandika courriel kwenye karatasi. Kamusi kubwa zimeyaorodhesha yote mawili. Minitel, iliyochelewesha haja ya jina hilo, ilizimwa tarehe 30 Juni 2012.

Tume ya Ufaransa iliyolipokea courriel ilibadilishwa jina mwaka 2015 ikawa Tume ya Kukuza Lugha ya Kifaransa, na inaendelea kuchapisha istilahi kila mwaka. Ofisi ya Quebec inaendelea kujibu maswali ya kampuni na raia kama ilivyofanya tangu 1961. Nalo neno lenyewe limebaki na wasifu wa tarishi wa karne ya 14 na kaharabu ya Wagiriki, likishindana kila siku na mail, mkoba wa Kifaransa uliokwenda Uingereza ukarudi na lafudhi ya kigeni.